Moshi Unavuka Mto, Kibali Kinabaki Kampala

Katiba ya Uganda ina serikali ambazo hazijawahi kupata ofisi, mhuri wala dereva. Ziliandikwa mwaka 2005, ibara ya 178 ilipofanyiwa marekebisho: wilaya zingeungana, zikaunda serikali ya kanda yenye baraza lake na kiongozi wake, ikasimamia yale ambayo wilaya moja haiyawezi peke yake. Muswada wa kuzianzisha ukaletwa mwaka 2009. Mengo, makao ya ufalme wa Buganda, iliyokuwa ikidai federo kamili, yaani kujitawala ndani ya shirikisho, ikaukataa, na bila Buganda hakuna aliyekuwa na haraka ya kuendelea. Jambo likalazwa. Mpaka leo, kati ya wilaya na serikali kuu hakuna kitu.

Huwa naliwaza pengo hilo kila ninaposikia watu wakiuliza kwa nini moshi wa viwanda nchini mwetu hauna wa kuuzuia. Jibu la haraka ni rushwa, na rushwa ipo. Lakini hata ukiwaondoa wala rushwa wote kesho asubuhi, utabaki na swali gumu zaidi: ni ofisi ipi hasa ambayo moshi ni kazi yake ya kila siku, yenye uwezo wa kuupima na mamlaka ya kumwambia mwenye kiwanda azime? Kwa maoni yangu ofisi hiyo haipo. Na tukiiunda kwa kufuata mipaka ya siasa badala ya njia ya upepo, tutakuwa tumejenga nyumba ya pili yenye paa bovu lilelile.

Nilikulia Walukuba, Jinja, kwenye zile nyumba za wafanyakazi zilizojengwa enzi za mkoloni. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954 na viwanda vikaufuata umeme: nguo, shaba iliyoletwa kwa treni kutoka Kilembe ikayeyushwa hapa, baadaye chuma, mafuta ya kula, ngozi. Waliovifanyia kazi walitoka kila upande, Mluo, Msamia, Mlugbara, Mnubi, Msoga, Muganda, ndiyo maana uani kwetu tulizungumza Kiswahili. Kazi yangu ya kwanza nyumbani ilikuwa kuangalia upepo. Mama akishatundika nguo, mimi nilikaa kibarazani kulinda kamba, na bado yeye ndiye aliyekuwa akigundua kwanza, kutoka jikoni: "Anua, umegeuka!" Hakutaja kilichogeuka. Hakuna mtoto wa Walukuba aliyehitaji kutajiwa. Shuka jeupe likichelewa kuanuliwa, liliangukiwa na vipande vyeusi vyepesi kama mabawa ya kumbikumbi. Ukivifuta kwa kiganja umeharibu: masizi yanageuka mstari ambao sabuni ya mche haiuondoi. Ilibidi watu wawili mshike shuka pembe kwa pembe, mlikung'ute mara moja, kwa nguvu.

Nilikuja kujifunza ukubwani kwamba kile kilichoanguka kwenye shuka ndicho chenye nafuu. Ni kikubwa, pua hukinasa. Kinachoua ni chembe zisizozidi mikromita 2.5, nyembamba kama mara thelathini kuliko unywele, ambazo hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu na nyingine huingia kwenye damu. Hizo hazichafui nguo. Kwa hiyo hata siku ambazo mama alisema upepo leo mzuri, hatukuwa na njia ya kujua.

Sasa tazama ramani. Upande wa pili wa Nile, mkabala na Jinja, ni Njeru, nayo ina mabomba yake ya moshi. Njeru iko wilaya ya Buikwe, ndani ya Buganda. Jinja ni Busoga. Kati yake ni daraja na dakika chache za kutembea. Mchana upepo wa ziwa husukuma hewa kuelekea bara, usiku nchi kavu ikipoa upepo hurudi ziwani, na moshi wa ng'ambo zote mbili huchanganyika juu ya maji kabla haujaamua kulala kwa nani. Zile serikali za kanda za mwaka 2005, hata zingeanzishwa, zingefuata mipaka ya falme na maeneo ya jadi: ukingo wa magharibi ungekuwa chini ya serikali moja, wa mashariki chini ya nyingine. Kamba ya nguo ya mama yangu ingekuwa Busoga na sehemu ya moshi wake ingekuwa Buganda. Ndiyo sababu sisemi turudi tuufufue muswada ule kama ulivyokuwa. Nasema hitaji lililouzaa bado lipo, na kwa upande wa hewa ni kubwa kuliko mwanzo.

Sheria zenyewe hatuzikosi. Ibara ya 39 ya Katiba ya 1995 inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Mwaka huohuo ilipatikana sheria iliyoizaa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Viwango vya majitaka ya viwandani vikatangazwa mwaka 1999. Vya kelele mwaka 2003. Vya hewa vikasubiri. Ikaja sheria mpya ya mazingira mwaka 2019, yenye adhabu kali kuliko ile ya zamani, na ndipo mwaka 2024 tukapata kanuni za viwango vya ubora wa hewa. Hesabu mwenyewe: miaka 29 tangu Katiba ituahidi. Tangu 2003 disko lenye spika kubwa lilikuwa na kiwango cha kisheria cha kulinyamazisha, na bomba la moshi halikuwa nacho. Walioziandika kanuni hizi na kuzisukuma mpaka zikapita wamefanya kazi kubwa, nawashukuru kwa dhati. Lakini kiwango ni namba tu. Inahitaji mtu wa kuishika, akasimama nayo getini.

Mtu huyo, kwa karatasi, ni afisa mazingira wa wilaya. Nchi ina wilaya 135 ukiacha Kampala, na kila moja inatakiwa kuwa na idara ya maliasili na kamati ya mazingira. Tatizo ni kwamba mwaka uleule wa 2005, tulioahidiwa serikali za kanda, ndio mwaka wilaya zilipokatwa miguu. Kodi ya kichwa ilifutwa. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki, kwa jinsi ilivyokuwa ikidaiwa kwa viboko na kufungana. Ila ndiyo iliyokuwa pato kubwa la wilaya lisilopitia hazina kuu, na hakikuja kitu cha kulingana nayo. Ofisa mtendaji mkuu wa wilaya naye akawa anateuliwa na serikali kuu. Tangu hapo fedha nyingi za wilaya huja kutoka Kampala zikiwa na maelekezo: hii ya mishahara ya walimu, hii ya dawa, hii ya barabara. Ya kupima moshi hutaiona kwenye orodha hiyo.

Niliwahi kufuatana na afisa mmoja kama huyo kazini, katika wilaya ya mashariki ambayo sitaitaja. Wanawake wa mtaa humwita "mama mazingira". Pikipiki ya ofisi ilikuwa haina mafuta, kwa hiyo tulipanda boda, nauli kutoka mfukoni mwake. Alikuwa na daftari la kawaida la kurasa 96 alilolichora kwa rula safu nne: tarehe, malalamiko, nilichoona, hatua iliyochukuliwa. Malalamiko ya siku hiyo yalitoka kwa walimu wa shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda kinachoyeyusha vyuma chakavu: watoto wanakohoa darasani, macho yanawasha. Tulipokuwa bado barabarani moshi ulikuwa mweusi, mzito, unajikunja. Getini askari akatwambia kwa heshima zote, "Madam, subirini kidogo, bosi yuko kwenye mkutano." Tukasubiri karibu saa nzima juani. Wakati huo moshi ukapauka, ukawa kijivu, ukawa mweupe kama wa chungu cha uji. Kisha lango likafunguliwa. Tulikaribishwa soda. Mama mazingira alitazama juu, akaandika kwenye safu ya tatu alichokiona saa ile, kwa kuwa ni mkweli, na hakuwa na kifaa cha kuthibitisha alichokuwa amekiona kabla.

Nikamuuliza tulipotoka: "Mama, huwezi kuwafungia?" Akasema, "Kufunga, mimi? Mwanangu, kibali chao kimetoka NEMA, ardhi wamepewa na mamlaka ya uwekezaji, umeme wamezinduliwa na waziri. Mimi naandika barua." Alisema hayo bila uchungu, kama mtu anayekutajia bei ya sukari. Uchungu ulikuwa wangu.

Kupima moshi kwenye bomba lenyewe si kazi ya mchezo. Panatobolewa tundu ubavuni mwa bomba, panajengwa jukwaa, fundi anapanda na kifaa kinachovuta hewa kwa mwendo uleule ambao moshi unapanda nao, la sivyo chembe nzito zinaponyoka na namba inatoka ya uongo. Vifaa hivyo wilaya haina. Kwa hiyo kinachofanyika, kwetu na katika nchi nyingi, ni kiwanda chenyewe kuajiri mtaalamu wa ukaguzi wa mazingira, kumlipa, kisha ripoti yake kwenda serikalini. Sina nia ya kumvunjia mtu heshima. Wapo wakaguzi waadilifu. Ila mpangilio wenyewe unamwomba mtu amtie hatiani anayemlisha.

Jimbo la Gujarat, India, lililipima jambo hili kwa namna ambayo ingefaa kusomwa na kila mbunge wetu. India imeyapa majimbo bodi zao za kudhibiti uchafuzi chini ya sheria ya hewa ya 1981. Bodi ya Gujarat ilikubali kufanya jaribio na watafiti, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Viwanda vya kundi moja viliendelea kujichagulia wakaguzi na kuwalipa. Kundi la pili lilipangiwa wakaguzi kwa bahati nasibu, malipo yakatoka kwenye mfuko wa pamoja kwa kiasi maalumu, na vipimo kadhaa vikarudiwa na watu wengine kuona kama vinalingana. Katika kundi la kwanza, namba zilijazana pamoja mahali pamoja, chini kidogo tu ya kiwango cha sheria, kama wanafunzi walioangaliziana mtihani. Katika kundi la pili ukweli ukatoka. Na jambo lililonigusa zaidi: viwanda vya kundi la pili vikapunguza uchafu. Sheria ilikuwa ileile na adhabu zilezile. Kilichobadilika ni mkono uliomlipa mkaguzi.

Angalia pia ni nani aliyefanya hivyo. Ilikuwa bodi ya jimbo, iliyo karibu vya kutosha kuvijua viwanda kwa majina, na kubwa vya kutosha kuwa na maabara, wanasheria na ujasiri. Bodi hiyohiyo mwaka 2019 ilianzisha huko Surat soko la vibali vya chembe za moshi, la kwanza la aina yake duniani. Viwanda kama mia tatu, vingi vya nguo vinavyochoma makaa ya mawe, viliwekewa mita zinazosoma bomba muda wote, jumla ya uchafu wa vile vilivyoingia sokoni ikawekewa kikomo, na anayechafua zaidi ya fungu lake hununua kwa aliyebakiza. Uchafu wa viwanda vilivyoingia ulishuka kwa asilimia 20 hadi 30 ukilinganisha na vile visivyoingia. Sisemi Jinja ianze soko mwakani. Nasema soko lile lisingewezekana kama wa kulisimamia angekuwa afisa mmoja wa wilaya mwenye daftari, wala kama angekuwa waziri aliye Delhi.

Huku kwetu watu wa Makerere wamefanya jambo la kujivunia. Tangu 2015 mradi wa AirQo umekuwa ukitengeneza vipimahewa vya bei nafuu vinavyostahimili vumbi letu na umeme wetu unaokatika, vingine vimefungwa hata kwenye boda. Ndivyo vimetusaidia kujua kwamba Kampala, kwa wastani wa mwaka, hubeba chembe zile ndogo zaidi ya mara tano ya mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo ambazo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021. Na umuhimu wa kuwa na vyetu tumeuona: kile kipimo cha ubalozi wa Marekani, ambacho wengi walikitegemea, kilikoma kupeleka takwimu zake kwa umma mwaka 2025 baada ya uamuzi wa Washington. Hata hivyo tusichanganye mambo mawili. Kipimo cha mtaani hukwambia hewa unayovuta ikoje. Hakikwambii imetoka bomba lipi. Mwenye kiwanda akipelekwa mahakamani na takwimu za mtaani, wakili wake atanyoosha kidole kwa taka zinazochomwa, kwa makaa ya kupikia, kwa barabara za vumbi na magari makuukuu, na atakuwa anasema kweli, kwa sababu vyote hivyo vinachangia, na katika Kampala vinachangia sana. Ushahidi dhidi ya bomba hupatikana kwenye bomba.

Kampala yenyewe inaonyesha wazi kwamba mipaka ya utawala haijui hewa. Viwanda vingi viliwekwa mabondeni, kwenye vinamasi vilivyofukiwa, kwa kuwa ardhi ilikuwa rahisi na tambarare. Usiku unapotulia, hewa ya baridi huteremka kutoka vilimani ikajikusanya bondeni, na hewa yenye joto huikalia kwa juu kama mfuniko wa sufuria. Bomba likitapika saa nane usiku, moshi wake hauna pa kwenda mpaka jua lichomoze. Ndiyo maana vipimo hupanda usiku na alfajiri, saa watoto wanapoanza kutembea kwenda shule. Wakaazi wa karibu na viwanda katika miji mingi watakwambia mazito huachiwa usiku. Afisa wa mazingira hufanya kazi saa mbili hadi saa kumi na moja.

Na eneo la viwanda la Namanve, kubwa kuliko yote jirani na mji mkuu, liko sehemu Wakiso na sehemu Mukono. KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, yenye mpango wake wa hewa safi na wataalamu wazuri, haina mamlaka huko hata ya kugonga lango. Sheria ya KCCA ya mwaka 2010 ililiona hili kwa upande wa mipango miji: ilitaja mamlaka moja ya kupanga Kampala pamoja na Mpigi, Wakiso na Mukono. Kama tuliweza kukubaliana kwenye karatasi kwamba barabara na majengo ya wilaya hizo ni kitu kimoja, hewa yake inakuwaje vitu vinne?

Los Angeles ilipitia njia hii. Julai 1943 ukungu wa moshi uliwawasha watu macho kiasi kwamba wengine walidhani wameshambuliwa vitani. Mwaka 1947 kaunti ya Los Angeles ikaanzisha wilaya yake ya kudhibiti uchafuzi wa hewa. Iliwabana wenye viwanda, lakini moshi ulikuwa ukienda kaunti za jirani na kurudi, na kila kaunti ilikuwa na kanuni zake. Kwa hiyo mwaka 1977 kaunti nne ziliunganishwa chini ya mamlaka moja ya hewa, Los Angeles, Orange, Riverside na San Bernardino. Hazikuacha kuwa kaunti. Kila moja ilibaki na shule zake na polisi wake. Zilichokiweka pamoja ni hewa tu, kwa sababu milima imeifungia ndani ya bonde moja. Mamlaka hiyo hutoa vibali, ina wakaguzi wake, na sehemu kubwa ya fedha zake hutoka kwenye ada wanazolipa wachafuzi wenyewe kulingana na wanachotoa. Hewa ya huko bado si nzuri, tena bado ni miongoni mwa mbaya nchini mwao. Ila mzee aliyeishi pale mwaka 1960 na akaenda leo hataitambua, kwa wema.

Jirani zetu wa Kenya walichagua kushusha mamlaka chini zaidi. Jedwali la nne la Katiba yao ya 2010 linazipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, kwa maneno hayohayo. Wengi wetu huku hatujui hilo, na tungelijua tungewauliza maswali mengi. Lakini kupewa kazi ni jambo moja. Owino Uhuru, kijiji cha watu kama elfu tatu huko Mombasa, kilivuta madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kwa miaka kadhaa kuanzia 2007. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliwapa wanakijiji fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, hukumu ikapinduliwa rufani, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Kati ya waliobebeshwa deni hilo ni mamlaka ya taifa ya mazingira na wizara, maana kibali kilitoka juu na wa chini hawakuwa na sauti. Afrika Kusini nako, ambako sheria ya 2004 imezipa manispaa kazi ya kutoa leseni za moshi, ilibidi wananchi waende mahakamani Pretoria mwaka 2022 ndipo itamkwe kwamba hewa ya Highveld, uwanda wa migodi ya makaa ya mawe na mitambo ya umeme, inavunja haki yao ya kikatiba.

Kwa hiyo sipendekezi tu "wapeni wilaya". Wilaya peke yake ni ndogo mno, na kiwanda kikubwa ni kikubwa mno. Mwenyekiti wa wilaya anayemfungia mwekezaji leo atamwona kesho akikata utepe wilaya ya jirani, na moshi uleule ukirudi bila zile ajira. Nazijua ajira. Marehemu baba alikuwa akitusimulia miaka baada ya 1972, Wahindi walipofukuzwa na viwanda vikaanza kufa kimoja kimoja. Shuka zilikuwa nyeupe, alisema, na sufuria zilikuwa nyeupe vilevile. Sitaki turudi huko. Mfanyakazi wa tanuru ndiye anayevuta moshi wa kwanza, kabla haujafika hata kwa mama yangu, na ndiye wa kwanza kukosa chakula likizimwa. Mwenye kiwanda anapotwambia tuchague kati ya mapafu ya mfanyakazi huyo na mshahara wake, anaficha kwamba kuna kitu cha tatu, nacho ni chujio. Vichujio vya mifuko na mitambo inayozungusha moshi kama kimbunga ili kunasa vumbi vipo sokoni tangu zamani. Vinagharimu fedha kuvinunua na umeme kuviendesha, na asiyechunguzwa huona heri aviache vimezimwa.

Ninachotaka ni mamlaka ya bonde la hewa. Moja ya Kampala, Wakiso, Mukono na Mpigi. Moja ya Jinja na Buikwe, mto usiwe ukuta. Moja ya Tororo na Busia, ambayo italazimika kukaa meza moja na wenzao wa ng'ambo ya Malaba, kwani vumbi halipigiwi mhuri mpakani. Hatuhitaji kusubiri kura ya maoni wala kubadilisha Katiba: sheria ya 2019 inairuhusu NEMA kukasimu majukumu yake, na wilaya zinaweza kuweka maafisa wao pamoja. NEMA ibaki na viwango vya taifa, na iwe na nguvu ya kuingilia pale mamlaka ya bonde itakapolegea. Ada ya moshi ilipwe kwa kilo ya kinachotoka bombani, iingie mfuko wa bonde moja kwa moja, isizame Mfuko Mkuu wa Hazina ambako haitarudi tena. Mkaguzi apangwe kwa bahati nasibu, alipwe na mfuko huo. Hili la mwisho lingeweza kuanza mwezi ujao kwa waraka mmoja, na kwangu ndilo la kwanza.

Wakati tukisubiri hayo kuna kifaa kisichogharimu hata nauli ya boda. Mwaka 1888 Mfaransa Maximilien Ringelmann alichora kadi zenye mistari myeusi juu ya karatasi nyeupe, za ngazi tano zilizopanda asilimia ishirini ishirini kuelekea weusi kamili. Unaiweka kadi mbali kidogo mpaka mistari iungane machoni na kuwa kijivu, unasimama jua likiwa mgongoni, unalinganisha na moshi. Ile mamlaka ya Los Angeles, pamoja na mita zake zote za kisasa, bado inaitumia: moshi ukifikia au kupita ngazi ya kwanza kwa zaidi ya dakika tatu ndani ya saa moja, umevunja kanuni. Huhitaji kuingia getini. Unasimama barabarani.

Nilichapisha kadi hiyo nikampelekea mama mazingira. Tukaenda tena, safari hii tukiwa na saa ya simu, tukasimama kwa mama anayeuza kasava kabla ya kujulikana kwamba tumekuja. Moshi ulikuwa ngazi ya nne. Alihesabu kwa sauti ya chini, mwenye kasava naye akahesabu, watoto wawili wa shule wakasimama wakahesabu. Dakika kumi na moja, ukapungua, ukarudi, dakika sita nyingine. Mama mazingira akafungua daftari juu ya paja, akaandika tarehe, akaandika malalamiko, akaandika alichokiona kwa ngazi na kwa dakika, mwandiko wake safi kuliko siku ile ya kwanza. Alipofika safu ya nne akasimamisha kalamu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, kwa hiyo niliona ukurasa mzima, mistari yote ya juu imeandikwa maneno yaleyale. Akayaandika tena: "Imepelekwa Kampala."